Swali Nililojibu Badala Yako

Rehema mwanangu,

Salamu tumepeana kutwa nzima, na shikamoo zako za leo zimezidi hata za siku ya Idi, kwa hiyo hapa nitaziruka. Nitaruka pia habari za baridi, za kula vizuri, za kutomwamini kila anayekuchekea, na za kupiga simu ukifika. Hayo shangazi yako amekuhubiria tangu juzi, na nilikuona unaitikia huku macho yako yako kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelizunguka mwezi mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kesho treni inakuchukua.

Unanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno. Pale sokoni wanasema ukinunua mawese kwa Mama Rehema unapewa na hadithi ya bure. Lakini hili kila nikilianza naishia kukuuliza kama umepaki viatu. Leo nimekuuliza habari ya viatu mpaka ukanitazama ukasema, "Mama, una nini?" Nikasema sina kitu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Mwandiko wangu uuvumilie, niliishia darasa la saba na tangu hapo sijamwandikia mtu barua ndefu.

Nianze na siku ile tulipokwenda mjini kukukatia bima ya safari. Ubalozi ulikuwa umesema bila bima hakuna viza ya masomo Uturuki, na wewe ulikuwa na haraka kwa sababu mchana ulitakiwa kwenda kuaga shuleni kwako. Yule kijana wa bima akawa anasoma maswali mbio mbio, jina, tarehe ya kuzaliwa, unakwenda wapi, unakaa muda gani. Kisha akasoma lile refu, kama umewahi kuugua ugonjwa wa moyo, sukari, pumu, kifafa, au kutumia dawa kwa muda mrefu. Wewe ulikuwa umeinama unatafuta pasipoti kwenye mkoba. Mimi nikadakia.

"Huyu? Huyu mzima kabisa. Hata mafua hayamjui nyumbani."

Kijana akacheka, na wewe ukacheka, akaandika hapana akaendelea. Mwishoni ukatia sahihi yako.

Jibu lile lilikuwa la uongo. Wewe hukujua kuwa ni la uongo kwa sababu nilishakudanganya wewe kwanza, miaka mingi kabla ya kumdanganya yule kijana.

Rehema, ukiwa mtoto ulikuwa na kifafa.

Nimeliandika hilo neno nikaiacha kalamu nikaenda kunywa maji. Tangu uzaliwe halijawahi kutamkwa kwa sauti ndani ya nyumba hii. Baba yako alilitamka mara moja, kwa mnong'ono, nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa jikoni nakaanga migebuka, wewe umekaa kwenye kigoda unachambua mchele. Ukaniuliza, "Mama, nini kinaungua?" Nikakwambia hakuna kinachoungua, ni samaki. Ukasema hapana, si samaki. Halafu sinia likaanguka, na nilipogeuka ulikuwa chini, mwili umekakamaa kama ubao, kisha ukaanza kutikisika. Mchele ulikuwa umetapakaa kila mahali. Mimi nilifanya kile nilichowahi kusikia watu wakisema kifanywe. Nilichukua kijiko cha chuma nikakulazimishia kati ya meno ili usijing'ate ulimi. Jino lako la mbele, lile lililomeguka pembeni, hukuanguka kwenye ngazi za nyumba ya bibi. Ni kijiko changu kilichokuvunja jino. Kila ukicheka nakiona.

Ulipoamka mwili wote unakuuma, nikakwambia ulikuwa na malaria imepanda kichwani. Ikaja tena kabla ya mwaka kwisha, na tena ukiwa darasa la nne. Safari hiyo baba yako hakunisikiliza, akakubeba mpaka hospitali. Daktari alikupima, akatuita sisi wawili ofisini, akatuambia ugonjwa jina lake, akasema una dawa, na watoto wengi huacha kuanguka wakikua ingawa kwa wengine unaweza kurudi. Akasema tuwaambie walimu. Akasema usiogelee bila mtu mzima karibu. Baba yako akawa anaitikia. Mimi nilikuwa nawaza jinsi ya kutoka pale bila kuonwa na mtu wa mtaa wetu.

Unavikumbuka vile vidonge vya kila jioni, vya kuongeza damu? Havikuwa vya damu. Ulivimeza miaka miwili na zaidi, ukanichokoza siku moja ukasema, "Mama, kwa damu hii niliyonayo si ningekuwa naichangia hospitali?" Nilicheka na wewe. Mara ya mwisho kuanguka ulikuwa darasa la tano. Daktari akapunguza dawa kidogo kidogo mpaka akaisimamisha, na mimi nikasema basi, jambo limekwisha, na mtu asilifukue.

Walimu sikuwaambia. Nilifanya jambo la kijinga zaidi, nilikunyima ziwa. Mtoto wa Kasingirima, mtaa wa kando ya ziwa, asiyejua kuogelea! Wenzako wote walikuwa wanashinda majini mpaka macho mekundu, wewe nakutuma dukani, nakutuma kwa bibi, ilimradi usifike ufukweni. Siku ile ulipotoroka nikakukuta umeshaingia maji ya kifuani, nilikutoa na kukuchapa mbele ya wenzako wote kwa khanga iliyolowa. Ulilia, ukaniuliza kwa nini watoto wote wana mama zao na wewe una askari. Nikakwambia kuna mamba. Siku mbili tatu ulikuwa husemi nami. Niliona heri unichukie kuliko ujue.

Sasa utauliza kwa nini, na ni haki yako. Mimi nilizaliwa Mwamgongo, unajua, huko ambako bila boti hufiki. Tulikuwa na msichana mmoja wa rika langu aliyekuwa anaanguka. Watu waliamini povu lake likikugusa na wewe utaanguka. Alikuwa na sahani yake peke yake, iliyokatwa alama ukingoni, na kikombe chake peke yake, na kwenye sherehe alikaa nyuma ya nyumba. Siku moja alianguka pwani wakati tunaanika dagaa, na hakuna aliyemshika. Tulikimbia wote, mimi nikiwa wa mbele. Tuliporudi alikuwa amelala mchangani peke yake, amejichafua, anajaribu kujifuta kwa mkono. Hakuolewa. Hakuna aliyemposa hata kwa utani. Ulipoanguka wewe jikoni, picha iliyonijia ilikuwa ya ile sahani yenye alama. Niliapa hakuna mtu atakayekukatia sahani yako. Nilidhani nakulinda, na labda kwa sehemu nilikulinda, lakini pia nilikuwa naogopa kuitwa mama wa mtoto anayeanguka. Hilo la pili ndilo lililokuwa kubwa, na ninaona haya kuliandika.

Kama ingekuwa ni hilo tu, pengine ningejisamehe. Lakini kuna la mjomba wako Kassimu, na hilo unalijua kwa namna nilivyokusimulia mimi.

Uliyoyasikia ni kwamba mjomba alikwenda China kununua vipuri vya injini za boti, akapata kiharusi huko huko, na watu wa bima waliokula pesa yake wakakataa kumtibu kwa sababu ni wezi. Umekua unanisikia nikiwatukana. Tangazo la bima likipita redioni nilikuwa naizima. Kwenye matanga yake nilisimama mbele ya watu nikasema bima wametuulia ndugu yetu, na watu wakaniitikia pole, pole.

Sikiliza ilivyokuwa. Kassimu alikuwa na presha, na alikuwa anahudhuria kliniki kama walivyomwambia. Wiki moja kabla ya safari alikuja hapa nyumbani, akakaa pale anapokaa baba yako, akaniambia, "Dada, hawa jamaa wa bima wanauliza magonjwa. Niwaambie habari ya presha?"

Nikamjibu, "Uwaambie ili iweje? Wakukatalie? Nani hana presha mji huu?"

"Na dawa je? Wakinipekua uwanjani wakiziona?"

"Lete hapa."

Nilizitoa dawa zake zote kwenye pakiti zake, moja moja, nikazitia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka nilichokiosha na kukikausha. Nikamwambia wakiuliza sema ni vitamini. Kassimu alicheka sana, akasema, "Dada, wewe ungekuwa mwizi polisi wangekufuata mpaka wastaafu." Pakiti zenye majina nilizitupa chooni ili hata mke wake asizione akaanza kumsemea hovyo. Niliona nimefanya kazi nzuri. Nilimfungia na mkungu mdogo wa ndizi wa kula njiani hadi Dar.

Alianguka hotelini. Mwenzake aliyesafiri naye, mfanyabiashara wa hapa hapa Kigoma, alinipigia simu akiwa hospitali na daktari amesimama pembeni yake. "Dada, wanauliza Kassimu alikuwa anatumia dawa gani. Kuna kikopo hapa hakina maandishi." Nikamwambia vidonge vyeupe vidogo, na vingine vya njano. Akasema, "Majina, dada. Wanataka majina." Sikuyajua. Nilikimbia chooni na simu mkononi, Mungu ni shahidi, nikainama nikamulika tochi ndani, kana kwamba zile pakiti zingenisubiri.

Watu wa bima waliomba taarifa zake za matibabu. Kliniki haikuwa na sababu ya kuficha, ikawapa. Wakajibu kwamba ugonjwa huu mteja alikuwa nao kabla ya kukata bima na hakuusema, na mambo ya namna hiyo hayamo katika waliyoahidi kuyalipia. Tuliuza shamba la michikichi la bibi yako ili arudi. Siku ile ya kuuza bibi alipita akigusa mchikichi mmoja baada ya mwingine, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, arudi tu," akaingia ndani.

Alirudi akiwa nusu. Ulikuwa unatoka shule unamlisha uji, unamfuta mdomo, unamsomea gazeti hata kama la mwezi uliopita. Nilikuwa nakuangalia pale mlangoni nikitamani kuingia, siingii. Maana nikiingia alikuwa ananigeuzia macho, ulimi wake haufanyi kazi, mkono wa kushoto unainuka kidogo kutoka kitandani. Sijui alitaka kusema nini. Pengine alikuwa na kiu tu. Lakini mimi nilikuwa najibu kwa niaba yake, kwa kila mgeni aliyekuja kumwona, "Bima ndugu zangu, bima ni wezi." Yeye amelala pale anasikia. Hata siku moja hakuweza kuniumbua.

Ile kampuni haikuiba. Ilimuuliza swali, na mimi ndiye niliyempa jibu.

Sasa utasema, mama, ulishaungua na moto huo, kwa nini ukautia mkono tena? Nimejiuliza kila ninapopima mawese, mpaka wateja wananiambia leo Mama Rehema kanyamaza kuna nini. Kijana aliposema neno kifafa, kwa sauti, mbele ya ile foleni, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Umeshazoea. Sikumkumbuka Kassimu hata kidogo. Nilimwona msichana wa Mwamgongo na sahani yake, na nilikuona wewe unarudishwa na ubalozi, na shangazi zako wanauliza kwa nini, na mimi nikitafuta uongo mwingine wa kuwapa. Tulipotoka nje ndipo nilipojikalisha chini pale barazani. Ulidhani ni jua, ukaninunulia maji.

Baba yako nilimwambia usiku ule ule. Akasema, "Mama Rehema, mara hii sinyamazi. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi." Nikamwomba anipe nafasi. Amenipa mpaka leo, na leo kutwa alikuwa ananiangalia tu.

Jana nilipokwambia nakwenda kwa fundi kuchukua gauni, sikwenda kwa fundi. Nilipanda bajaji mpaka mjini, nikarudi kwa yule kijana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema. Nikafika nikamkuta mama mmoja wa mtaa wetu anakatia bima gari lake, basi nikaanza kuzunguka. "Shikamoo mama," akasema kijana. "Marahaba baba. Nimekuja tu kuuliza, hii bima ya binti yangu hailipi nini?"

Akaonekana kushangaa. Alisema watu wote humuuliza inalipa nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hailipi nini. Akavuta kiti, akanieleza vizuri, na naomba nikueleze alivyoniambia kwa sababu wewe ndiye unayesafiri nayo. Ukipanda pikipiki huna leseni ukavunjika mguu, hawalipi. Nikamwambia basi Kigoma nzima haina bima, akacheka. Ukiumia umelewa hawalipi, hilo silitarajii kwako. Matibabu yanayoweza kungoja mpaka urudi nyumbani, kama jino la zamani au miwani, hawalipi. Ukishika mimba, uzazi si wao. Baba au mama akifariki watakusaidia tiketi ya kurudi, lakini shangazi, binamu na mjomba hawamo. Nikasema usimwambie shangazi yake hivyo, atakuja kuvunja ofisi.

Yule mama wa gari akaondoka. Nikamuuliza kijana, "Na ugonjwa wa zamani?"

"Kama ulisemwa, tunaangalia. Kuna ambao wanaongezewa bei kidogo, na kuna ambao wanaandikiwa kwamba ugonjwa huo peke yake haumo ila mengine yote yamo. Wachache wanakataliwa, hao wanatafuta kampuni nyingine."

"Na kama haukusemwa?"

Akaacha kuandika. "Mama, kama haukusemwa, siku wakiugundua wanaweza kusema mkataba mzima haukuwapo. Si ugonjwa ule tu. Hata akivunjika mkono."

"Tuseme mtu aliugua akiwa mdogo, na akapona."

"Pia anasema. Kupona si kazi yetu kuamua, ni ya daktari." Kisha akaniangalia, na naona alielewa, maana alishusha sauti. "Mama, siku ile mimi niliuliza, wewe ukajibu, na mimi nikaandika. Nilikosea, nilitakiwa nimsubiri mwenyewe ajibu. Lakini sasa siwezi kubadilisha kwa neno lako. Ni mtu mzima. Yeye ndiye aliyetia sahihi, kwa hiyo aje yeye."

Nikasema nimekuelewa mwanangu. Hata hapo, ofisi ikiwa tupu, sikuweza kulitaja lile neno. Nilimwambia asante nikatoka, nikatembea mpaka bandarini nikakaa pale abiria wanapongojea meli, nikalia kama mtu aliyeachwa na chombo. Mlinzi mmoja akaja kuniuliza nasafiri kwenda wapi.

Mwanangu, kuna jambo ambalo hakuna bima inayolilipa, na yule kijana hakuniambia kwa sababu haliko kwenye karatasi zake. Hata kama ile kampuni ingekuwa na huruma kuliko zote, ikalipa kila kitu, ukianguka Uturuki hawatakuwa na mtu wa kumuuliza. Watakuokota, watakupeleka kwa daktari, daktari atasema je, amewahi kuugua hivi? Na wewe ukiamka utasema hapana, mimi mzima kabisa, hata mafua hayanijui. Utasema kwa moyo mweupe. Nimekunyima hata kuujua mwili wako mwenyewe. Nimekuweka pale pale nilipomweka Kassimu, na kikopo kisicho na jina, tofauti ni kwamba yeye alijua kilichomo.

Kwa hiyo nakupa sasa ninachokijua, maana nilikikalia peke yangu kama mali. Kabla ya kuanguka ulikuwa unasikia harufu ya kitu kinachoungua wakati hakuna moto. Ukiisikia, kaa chini hapo hapo ulipo, usisubiri kuona kama ni kweli. Baadaye ulikuwa unalala sana, na unaamka umenuna na kichwa kinauma. Kukosa usingizi ndiko daktari alikokuwa anakuogopea zaidi, na najua wewe na mitihani yako. Mtu utakayelala naye chumba kimoja, mwambie. Mwambie akuweke ubavu, akutolee vitu vigumu karibu, akae nawe, aite daktari ikizidi dakika chache, na asikutie kitu chochote mdomoni. Hasa hilo la mdomoni, Rehema. Akikukimbia, basi umemjua mapema. Lakini nadhani hatakukimbia. Mimi nimewadhania watu vibaya maisha yangu yote kwa sababu ya nilivyokimbia mwenyewe.

Na la bima utaamua wewe. Utakuwa na siku nne Dar kabla ya ndege, na ofisi yao kubwa iko huko. Baba yako asubuhi, ukishapanda treni, atakwenda hospitali kuomba barua ya daktari aliyekutibu, na ataituma kwenye simu yako kabla hujafika. Ukienda ukawaambia, huenda wakaongeza bei, na hiyo tumeshaizungumza mimi na baba yako, haikuhusu. Huenda ubalozi nao ukauliza maswali. Huenda ukachelewa kuondoka. Naweza hata kuwa nimekuharibia safari uliyoisomea tangu ukiwa mtoto, na hilo nalijua ninapoliandika. Sitakwambia uende ofisini wala usiende. Nimeshakujibia vya kutosha. Nikikwambia cha kufanya hata mara hii nitakuwa bado ni yule yule.

Sikuombi unisamehe leo. Mtu akiibiwa kitu miaka mingi hasamehi siku anapoonyeshwa mwizi. Ninachotaka ni ujue kwamba hukuwa na aibu yoyote ndani yako. Aibu ilikuwa yangu, nikakuvika wewe ukiwa mdogo, na ukakua umeivaa bila kujua kwa nini mama hakuachi ucheze na wenzako. Ulikuwa mtoto mzuri, mcheshi, aliyekuwa anaanguka wakati mwingine. Ningeweza kulisema hilo kwa mtu yeyote mwenye akili na dunia isingeanguka.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuzikunja karatasi hizi nizichomeke katikati ya nguo zako, uzikute ukishapita Tabora, mimi nikiwa huku, mbali, nisiuone uso wako. Nilikuwa nimeshachagua hata mfuko wa begi. Nimesoma tena nilichoandika nikaona ninafanya nini. Nilikuwa nataka nikufiche tena, halafu nikimbie, kama nilivyokimbia pwani.

Nakusikia chumbani, bado unaongea na rafiki zako kwenye simu, unacheka. Nakuja sasa hivi. Nitabisha hodi, nikupe barua hii mkononi, halafu nitakaa mwisho wa kitanda chako mpaka uimalize. Ukitaka kuniuliza, niulize. Ukitaka kunifokea, nifokee nikiwa hapo hapo, mwanangu, nisikie.

Mama